Jaboya Alioshwa na Soya

Jumanne, jioni

...sasa nimalizie, maana ugali ilinikatiza. Nilienda kwa Atieno pale ufuoni kuona kazi yake ya soya. Zamani aliuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, na wavuvi wetu tunawajua: bila kulala na mvuvi, hakupi samaki. Mvuvi kama huyo ndiye tunaita jaboya.

Tunachuja maziwa ya soya na wamama wenzake watatu, tunacheka, jaboya wake wa zamani akaingia. "Umeniacha juu ya maharagwe?" Akamzaba Atieno kofi, akamvuta nywele, akaangusha mashini ya kusaga kwa teke.

Wueh! Tukamrukia sote watano. Mimi nilimchapa na mwiko mpaka ikavunjika. Atieno, damu kwa mdomo, akainua sufuria akamwagia maziwa moto kwa miguu. "Kunywa, baba! Hii soya haitaki kulala na mtu!"

Alilia kama mbuzi. Nilicheka, lakini sasa nawaza. Mashini ikikataa kuwaka, Atieno atakula nini? Atarudi kwa boti ya huyo mwanaume, na...

Ngoja, ni Atieno anagonga mlango. "Mama Akoth, fungua! Amerudi na panga!"