Wimbo Uliomtaja Keziah

Callao, Machi 1891

Dada yangu Keziah,

Mimi mzima, ila kamba zimenichubua viganja na biskuti zetu zina wadudu. Mama akiuliza, mwambie nimenenepa.

Tulipokuwa tunang'oa nanga kule Valparaiso, mwimbishaji wetu mpya, Lezama wa Trinidad, alianzisha wimbo wa kazi, nasi tukawa tunaitikia huku tukizunguka na kusukuma gurudumu la nanga. Mara akaimba kwamba Keziah wa Speightstown alikula keki ya mchungaji, akamsingizia mbuzi. Nikasimama ghafla, wenzangu wakanikanyaga visigino. Nani nje ya nyumba yetu anajua habari za mbuzi yule?

"Wimbo huo umeutoa wapi?" nikamuuliza baadaye.

"Kwa mzee mmoja wa Callao, mshona matanga. Mtu wa Barbados kama wewe. Vipi, bwana mdogo, Keziah ni mchumba wako?"

"Ni dada yangu."

Akaacha kucheka.

Leo tumefika Callao, nikamtafuta mzee huyo. Ni baba, Keziah. Hakuzama kama tulivyoambiwa. Ana mke hapa, na binti anayetembea kama wewe. Alinishika uso, akauliza kama mama aliolewa tena. Nikamwambia bado anavaa nguo nyeusi. Akaniomba nisiseme kitu nyumbani. Sikumwahidi.

Mama nimemwandikia barua yake, ya upepo na samaki tu. Hii isome peke yako. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja, utajua kama ataweza kuisikia.

Mdogo wako,
Josiah