Dakika Nane za Nagase

Mtaa wa Isobe,
Toyama, Japani.
8 Februari 2026

Mpendwa Dada Fumie,

Pokea salamu zangu kutoka huku tulikofukiwa na theluji. Vipi lile goti lako? Natumaini joto la Curitiba limelituliza, na kwamba shemeji Anselmo bado anakuchekesha kila asubuhi kama zamani. Sisi hatujambo. Mke wangu Chizuko alilala na mafua wiki mbili, lakini amepona kabisa. Jana alipanda ngazi kuondoa theluji paani huku akinigombeza mimi niliyesimama chini. Kaburi la wazazi tulilisafisha kabla ya mwaka mpya. Nilitaja jina lako kwa sauti, kama ulivyoniagiza.

Barua yako ya Novemba niliipata, na kuchelewa kwangu kujibu si uvivu. Umeniomba zile dakika nane za mbio za kupokezana za vyuo, uwaonyeshe watu wa Toyama wa huko kwenye mkutano wenu, wajue mdogo wako alikuwa nani katika televisheni. Dada, sitakutumia. Nivumilie nikueleze sababu, maana hata mama alifariki bila kuijua.

Wewe unaijua picha tu. Kijana amejifunga kifuani mshipi wa chuo chake, anaanguka barabarani, anainuka, anaanguka tena, mwisho anatambaa ili amfikie mwenzake anayesubiri kuupokea. Usichokijua ni maneno niliyoyasema.

Ilikuwa Januari 1994. Nilikuwa ndani ya gari la matangazo, nikichagua picha ipi iende hewani. Kijana yule, Nagase Kiyohiko, alikuwa amebakiza mita mia nne mguu ulipomkatalia. Igarashi, mpiga picha wetu aliyepakiwa kwenye pikipiki, akaniita kwenye redio: “Bosi, mtoto wa watu analia. Nirudi nyuma kidogo?”

“Usithubutu,” nikamwambia. “Msogelee. Nataka machozi yaonekane.”

Akamsogelea. Muda uliowekwa ukaisha Nagase akiwa bado hajafika, mwenzake akaruhusiwa kuondoka na mshipi mwingine. Hapo nikaona mambo yake yamekwisha, nikamwamuru Igarashi awahi mbele kwa washindi.

Nchi nzima ililia siku ile. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimeitwa Tokyo, na huko nikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka niliporudishwa hapa kuwa mkurugenzi wa michezo. Kila Januari tulizirudia dakika zile. Nimepewa tuzo kwa ajili ya dakika hizo, nimefundisha vijana wa kazi kwa kutumia picha hiyohiyo. Kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kumpigia simu Nagase, hata mara moja.

Sasa mwezi ujao nastaafu, na mbio zenyewe zimetutoka. Haki ya kuzitangaza imechukuliwa na kampuni ya mtandaoni. Wanatumia kamera zinazoruka zenyewe, kila mkimbiaji na yake, na mtazamaji anachagua kwenye simu nani wa kumfuata. Kompyuta inaangalia watu wanabonyeza wapi, kisha inawasukumia picha hiyo na wengine. Nilipoonyeshwa nilistaajabu, siwezi kudanganya. Kazi ya watu sitini inafanywa na watu saba.

Anayeisimamia ni Bi. Kusano, binti wa miaka thelathini na miwili, mwepesi wa akili na wa ulimi. Mwezi wa kumi alikuja ofisini na keki za maharage matamu, akaniomba niwe mshauri wao nikistaafu. Alitaka pia saini yangu ili wafungue matangazo yao kwa dakika nane za Nagase.

“Mwenyewe ameulizwa?” nikasema. Hata sijui swali lile lilinitokaje.

Akanitazama. “Mkurugenzi, ninyi mlimuuliza lini?”

Dada, alinipata. Kesho yake nilichukua koti langu, nikapanda treni kwenda Tonami, anakoishi Nagase.

Nagase ana miaka hamsini na tatu sasa, analima maua ya tulipu. Nilimkuta shambani anapanda, nikainama kwa heshima na kujitaja jina. Hakunifukuza. Alinawa mikono, akanikaribisha ndani, akamwita mkewe, Bi. Tomoe, aje akae nasi.

“Kila Januari huwa tunazima televisheni,” Bi. Tomoe akaniambia. “Wateja wanakuja kununua maua, wanamkodolea macho, halafu wananong'ona: ndiye yule aliyetambaa.”

Nilianza kuomba radhi kwa yale maneno ya kiofisi niliyoyazoea. Nagase akanikatiza. “Hayo baki nayo, mzee. Niambie siku ile ulisema nini. Lile pikipiki lilikuwa linarudi nyuma, mimi nililiona. Halafu likanijia usoni. Nani aliliambia lije?”

Nikayasema, vilevile kama nilivyokuandikia hapo juu. Bi. Tomoe aliinuka akatoka nje, na tuliusikia mlango.

“Kuanguka ni kwangu,” Nagase akasema. “Mguu ulikuwa wangu. Lakini kamera yako ilipoondoka ndipo kocha wangu alipokuja. Alipiga magoti kwenye theluji, akanifunika koti lake, akaniomba yeye mimi msamaha, kwa sababu alijua mguu unauma na bado akanipanga. Wenzangu wawili wakanibeba mgongoni. Mama yangu alikuwa anatazama nyumbani. Amekufa akiamini waliniacha barabarani peke yangu. Nilimwambia mara ngapi! Akawa ananijibu, ‘Usinifiche, mwanangu, nimeona kwa macho yangu.’”

Niliporudi nilishinda siku nne kwenye ghala la kanda la kituo chetu nikitafuta. Kamera moja ilikuwa imesimamishwa pale pa kupokezana. Huenda ilimwona kocha. Kanda yake nimeipata. Wakati ule tulikuwa tukibana matumizi, na juu yake pamerekodiwa mashindano ya kuogelea ya shule. Niliitazama mpaka mwisho. Ni watoto wanaogelea tu.

Sikutia saini. Bi. Kusano alikuja tena, hana raha. “Watu wanazo dakika hizo kwenye simu zao tangu zamani. Tukiacha sisi, wao hawataacha.”

“Najua,” nikasema. “Basi wazionyeshe bila mkono wangu.”

Habari ya ushauri ikafa hapo. Sikasiriki. Lakini kabla hajaondoka alitoa kalamu, akauliza kocha yule alifanya nini hasa, akaandika kila neno. Dada, kama kazi hii ina kesho, nadhani iko kwa watu wa namna ile wanaoandika, wala si kwenye kamera zinazoruka.

Mwezi uliopita, siku ya mbio, simu ikalia. Ni Nagase. “Mzee, uko nyumbani? Vaa buti, njoo tusimame barabarani.”

Tulisimama pamoja na Bi. Tomoe kwenye kona ya daraja, theluji ikidondoka. Viongozi walipita kama upepo. Watu wakaanza kuondoka, sisi tukabaki. Wa mwisho alikuja dakika kumi na moja baadaye, kijana mwembamba, midomo imekuwa ya buluu, kamera ndogo ikivuma juu ya kichwa chake. Nagase alimpigia makofi akipaza sauti, “Haya, haya, twende, bado kidogo!” mpaka kijana akapotea nyuma ya miti. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilimtazama mkimbiaji bila kujua kamera inaonyesha nini. Nilimwona yeye tu. Bi. Tomoe alinipa kikombe cha chai ya moto.

Nisalimie shemeji Anselmo, Mayumi na mumewe, na Renato, umwambie Kireno chake nimeshindwa kukisoma lakini picha za mtoto nimezibandika ukutani. Chizuko anakuwekea mwani uliokaushwa na soksi za kufuma. Mungu na mizimu ya wazazi wetu wakutunze, wakupe usingizi mwema na miguu isiyouma.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukumbuka kila siku,

Shunsaku