Taji la Kitanda na Chupa Mbili za Chai

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Na bado nasema mkanda ungetosha kuendesha mashine ya kuchonga tunayoiunda! Mume wangu Wagdi anacheka tu. Eti mkanda unavutika, na zani, mbao tunayochongea samani, ni ngumu. Kisu kikikutana na fundo, mkanda utalegea na kisu kitapotea njia. Skrubu haivutiki. Nimekubali — lakini ni kwa vile alivyonieleza, mkono mmoja ameshika wangu, wa pili umejaa grisi.

Naandika nisisahau. Mota inajua kuzunguka tu, haijui kwenda. Sisi tunataka kisu kiende mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kwa hiyo katikati lazima kiwepo kitu cha kugeuza mzunguko kuwa mwendo: mkanda, au reli ya meno, au skrubu ndefu yenye nati. Yetu ni skrubu. Ikizunguka mara moja, nati inasogea milimita nne. Mota nayo hupiga hatua mia mbili ili imalize mzunguko mmoja. Nikapiga hesabu kichwani — kila hatua ni sehemu ya hamsini ya milimita! Wagdi akanitazama kama alivyonitazama siku ya hina. Diploma ya biashara imenifaa.

Siku ya thelathini na saba tangu harusi. Ana unga wa mbao kwenye kope. Sijawahi kuona kope nzuri kama zile.

Jumatatu, 4 Novemba

Ujumbe umetoka Kuwait, kwa binamu yake. Kiwanda cha samani cha huko kinamtaka Wagdi. Miaka miwili. Wake hawaendi. Jibu Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 14. Safari tarehe 24.

Sikulia. Nilikaanga bilingani nyingi kupita kiasi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimewasikia ngazini. Baba — mkwe wangu, Fundi Badrawi, anayechonga nakshi tangu akiwa na miaka tisa — alikuwa anamwambia Wagdi mambo yalivyo. Tangu baridi ya mwaka jana mkono wake unatetemeka. Karakana bila mchongaji ni ghala la mbao tu. Mashine ikichonga duara moja ambalo dole gumba lake halitaona kosa, karakana ni ya Wagdi na mashine yake. Isipoweza, basi Kuwait. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Ndiyo maana kitanda chetu hakina taji, ule ubao wa nakshi wa kichwani. Baba aliapa kulichonga mwenyewe, mawaridi tisa, kisha mkono ukaanza. Mgeni akija anatazama ule ukuta mtupu juu ya mito halafu anatazama pembeni. Mganga hajigangi, na seremala hajichongei! Mimi sijali. Ukuta mtupu na Wagdi chini yake — yatosha.

Ijumaa, 8 Novemba

Bata wa vitunguu. Mama Insaf, mkwe wangu wa kike, alinusa shingo yangu akauliza ni bibi arusi gani huyu anayenukia mafuta ya mashine badala ya uturi. Nikamwambia mwanao ndiye anayenipaka. Alicheka mpaka akakaa.

Baada ya chakula Wagdi akaleta duara la kwanza. Zuri! Macho yangu hayakuona kitu. Baba akafumba yake, akapitisha dole gumba ukingoni polepole, mkono ukitetemeka.

"Hapa ilisita," akasema. Akaendelea. "Hapa. Hapa. Na hapa."

Mara nne. Wagdi akasema labda ni ubao. Baba akamrudishia duara.

"Mkono wangu unatetemeka, mwanangu, lakini hausiti."

Chai ilipoa. Hakuna aliyeinywa.

Jumamosi, 9 Novemba

Kwa nini nne? Kwa nini si tatu, si saba?

Jumapili, 10 Novemba

Nimejua! Mimi!

Wagdi alikwenda kutafuta visu. Nikashuka na rangi yangu nyekundu ya kucha, nikatia alama kwenye skrubu, nikaizungusha kwa mkono. Kulia: meza inakwenda. Nikageuza kushoto — skrubu inazunguka, meza imetulia! Kama mtu anayeitwa na kujifanya hajasikia. Alama ilisogea nusu ya robo ya mzunguko ndipo meza ikaanza kwenda. Nusu ya robo ya milimita nne ni nusu milimita. Nati inacheza kwenye skrubu, haijakaza.

Na duara? Nikalichora kwa kidole mezani. Ukizunguka duara, upande wa kulia kabisa unageuka kurudi kushoto. Kushoto kabisa, unageuka tena. Juu kabisa na chini kabisa, vivyo hivyo. Mageuzi manne! Kila skrubu inapogeuka inapoteza nusu milimita, kisu kinasubiri, na Baba anaiona kwa dole gumba.

Wagdi aliporudi nilimwambia kwa pumzi moja. Akakaa juu ya ndoo. Kisha akanibusu mbele ya dirisha lililo wazi, majirani na watazame.

Jumatatu, 11 Novemba

Kwanza alijaribu kuikaza nati. Mota ikanguruma, ikakwama. Ikilegea inacheza, ikikazwa inakwama.

Dawa yake anaijua: nati mbili kwenye skrubu moja na springi katikati inayozisukuma zisikaribiane. Moja inaegemea upande huu wa meno, nyingine upande ule, nafasi ya kucheza inaisha. Springi mbili zinatakiwa, kwa skrubu mbili zinazolala. Ya tatu, ya kupanda na kushuka, haihitaji. Uzito wa mota unaibana wenyewe. Lakini madukani springi ni laini kama za kalamu, au nene kama za lori. Nzuri zinaagizwa Kairo, zinafika wiki ijayo. Wiki ijayo ni baada ya Alhamisi.

Nimekaa mbele ya kabati la vioo. Vikombe vya dhahabu, sahani za mama yangu, chupa mbili za chai za kubonyeza, moja ya dhahabu, moja nyeupe. Mama alizinunua kabla sijachumbiwa. Hakuna aliyewahi kuzitia chai. Kabati la bibi arusi haliguswi.

Ukibonyeza kile kifuniko, kinasukumwa juu na nini?

Jumanne, 12 Novemba

Springi! Ngumu, fupi, haishiki kutu, na skrubu inapita katikati. Wagdi alikataa kufungua ya pili, akasema mama yangu atamchukia. Nikaifungua mimi.

Alama ya rangi sasa haichezi hata unywele. Nilizungusha kulia, kushoto, kulia — meza inaitika papo hapo. Tumechonga duara.

Jumatano, 13 Novemba

Baba alishuka asubuhi. Akafumba macho. Dole gumba likazunguka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kinyume. Akatia duara mfukoni mwa kanzu, akapanda ngazi.

Wagdi akafagia sakafu iliyokwisha fagiwa.

Baada ya alasiri Baba akarudi na karatasi kubwa imekunjwa. Akaitandaza juu ya meza ya mashine. Taji la kitanda! Mawaridi tisa, kwa penseli.

"Mistari imetetemeka," akamwambia Wagdi. "Mashine yako isifuate mtetemo. Ifuate nilichokusudia."

Kisha akaongeza kuwa mioyo ya mawaridi aachiwe yeye na patasi yake, hata ikimchukua mwaka. Kuwait hakuitaja. Hakuna aliyeitaja. Jibu ni kesho. Simu ya Wagdi iko kwenye kabati la vioo, palipokuwa chupa ya dhahabu, na yeye yuko chini anafuatisha waridi la kwanza. Nasikia anapiga mluzi.

Mama yangu amepiga simu sasa hivi. Anauliza tutakuja kwake Ras el-Bar lini, au bwana atakuwa ameshasafiri. Akauliza pia kama vitu vyake vyote vya kabatini ni vizima. Nikamwambia, bila kumuuliza Wagdi: kuna jambo la chupa nitakueleza uso kwa uso, mama. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha. Sote wawili.