Torbjørg Haukenes, Mwalimu wa Ijumaa za Msituni

Mama, mwaka umetimia tangu utuache, ukiwa na miaka sabini na moja, buti zako za mpira zingali na tope mlangoni.

Kila Ijumaa, iwe theluji au mvua, uliwapandisha msituni watoto wa chekechea ya Lauvdal pamoja na wanafunzi wa ualimu waliotumwa kwako kujifunza kazi. Watoto wa miaka minne walichonga vijiti kwa visu vya kweli, tena vikali. Sharti lilikuwa moja: mwenye kisu hukaa chini. Ukitaka kusimama, kisu kwanza kirudi alani. Waliokuwa wakitetemeka ni wale wanafunzi wa ualimu.

Tiril alipojikata kidole gumba, mwanafunzi wako Sjur alilia kuliko mtoto mwenyewe, akataka kuacha ualimu siku ileile. Ukamwambia, "Acha Ijumaa ijayo, mwanangu. Leo nani atapasua kuni?" Wiki iliyofuata ukamwambia vilevile, na iliyofuata, hadi akahitimu.

Wazazi nao wakaitisha kikao, wakataka siku ya msituni ifutwe. Hukubishana nao. Uliwagawia visu na vijiti, ukasema, "Haya, chongeni." Baba yake Tiril akaanza kuchonga amesimama. Tiril, bandeji kidoleni, akapaza sauti:

"Baba, kaa chini! Utajikata kama mjinga!"

"Kama nani?"

"Kama mimi juzi!"

Watu walicheka hadi machozi, na siku ya msituni ikabaki.

Tuseme kweli, sisi wanao tuliuonea wivu msitu ule. Watoto wa watu uliwajua majina wote, sisi ukituchanganya. Tulinuna, Mama, lakini tulijivunia zaidi.

Ulipofariki tuliamini Ijumaa zako zimezikwa nawe. Majira yote ya baridi hakujitokeza mtu wa kushika nafasi yako. Ijumaa iliyopita, tukiwa kaburini kwako, tukasikia kelele barabarani: watoto kumi na wawili, wanafunzi wa ualimu watatu wenye nyuso za hofu, na mbele yao Sjur, shoka begani.

"Mnasimama nini hapo kwenye baridi?" akatuita. "Njooni basi, soseji za kuchoma motoni zipo tele!"

Tuliweka maua harakaharaka, tukawafuata msituni: mumeo Oddmund na fimbo yake, wanao Gunnvor na Ingeleiv, na wajukuu zako Jorunn na Vetle wakitangulia mbio. Hatutakusahau kamwe, Mama.