Baba Yenu Kaanzia Mwisho

Lamya, Jaifar,

Nnakwenda Azaiba kwa mama yenu mdogo. Wali upo jikoni. Samaki n'shawatia viungo, mtawakaanga wenyewe.

Mnakijua kile kitabu changu cha polisi wa Kichina, kile cha kijana wa shamba aliyeuliwa kiwandani Shanghai? Wiki nzima silali vizuri, namtafuta muuaji. Leo asubuhi baba yenu anakunywa chai, kanambia: "Kitabu chako kinaanza vizuri. Ukurasa wa kwanza tu, mwalimu wa kijijini anatiwa pingu."

Wa kwanza! Kitabu cha Kiingereza, yeye kakifungua upande wa kulia kama msahafu.

Basi leo mpeni kahawa na halua kwanza, wali baadaye, maana ndivyo apendavyo.

~~Msinipigie simu.~~

Nlipomuuliza nani kamtuma akiguse, kasema alitaka kujua nnakwenda wapi kila usiku na yeye yupo ubavuni pangu. Nikavaa buibui langu.

~~Kitabu nnakwenda nacho.~~ Kitabu kipo juu ya mto wake. Mwambieni aanzie kushoto. Zile kurasa za mwisho anisubiri, bado sijui mwalimu kamuulia nini.

Mama yenu