Kamba ya Mkonge Ndani ya Usukani

Jumamosi, 2 Agosti
Maji, oili, upepo wa tairi. Kama kila Jumamosi. Pikapu ya marehemu baba haipendi kusahauliwa.
Mchana arobaini yake hapa Mazingara. Dua, pilau, kisha Masanja na vituko vyake. Yeye Mnyamwezi, babu yake aliletwa kukata mkonge. Sisi Wazigua watani wake, msibani hazuiliki. Akafungua usukani kwa spana, akauvaa shingoni, akaondoka nao. Eti marehemu kamwachia. Niukomboe kwa jogoo.
Watu walicheka. Mimi sikucheka. Jumamosi ijayo napanda milimani Dindira kumchukua binti yangu Zuhura. Kajifungua mtoto wa kwanza, anakuja kulelewa uzazi na mama yake.

Jumapili, 3 Agosti
Nimetoa jogoo. Mwekundu, yule mzuri. Imeniuma.
Wakati wa kurudisha usukani nikaona ncha ya kamba kwenye mdomo wa bomba linaloushika. Nikavuta. Ikaja, ikazidi kuja. Kamba ya mkonge iliyolowa grisi, karibu mita mbili. Bushi, ile pete ya kuzuia usukani usicheze, ilikwisha zamani, baba akazungusha kamba mahali pake. Hakumwambia mtu. Nimempenda na kumkasirikia kwa pamoja.

Jumanne, 5 Agosti
Mke wangu anasema nizungushe kamba mpya twende. Nilishaanza kusokota. Aibu kuandika, lakini ndivyo.
Masanja akapita. Aliendesha malori ya mkonge mpaka akastaafu.
"Baba yako alikuwa mjinga, na wewe umemzidi," akasema. "Vua bomba zima, Mzigua wewe! Kama juu kumelika hivi, chini je?"
Mtu asiye mtani angeona haya kumtaja marehemu hivyo. Nikamjibu vibaya. Akacheka, akaenda zake.

Jumatano, 6 Agosti
Nimevua kwa ubishi tu, nimuoneshe hakuna kitu. Bolti mbili chini ya dashibodi zilishika kutu. Nimezimwagia mafuta ya taa, nimepiga nyundo, nimechubuka vidole. Bomba likatoka. Shafti, chuma cha ndani kinachobeba usukani, ikatoka.
Chini kabisa, inapoingia kwenye boksi la usukani, ufa. Umezunguka zaidi ya nusu. Ukucha unaingia.
Nilikaa chini kwenye vumbi. Zile kona za Dindira. Zuhura kiti cha mbele na kichanga mapajani.

Ijumaa, 8 Agosti
Korogwe mjini, kwa fundi wa kukereza vyuma. Kakataa kuchomelea. Anasema shafti ya usukani haiunganishwi. Ipo nzima kwenye gari bovu la aina hiyohiyo huko Makuyuni, ataifungua Jumatatu. Bushi atakereza ya shaba.
Kwa hiyo kesho hatuendi. Mke wangu hasemi nami. Anaona wakwe watatusema. Zuhura kwenye simu akasema: "Hamna shida, baba." Shida ilikuwepo, nimeisikia. Sikumwambia kuhusu ufa. Aliyetoka kujifungua hatishwi.

Jumatano, 13 Agosti
Nimefunga yote. Nimeijaribu mpaka Korogwe na kurudi. Usukani mwepesi, haubishi.
Jioni nikamwekea mke wangu ile shafti ya zamani mkononi. Akapitisha kidole kwenye ufa. Akapitisha tena. Akaingia jikoni, akapika wali wa nazi, akaupeleka mwenyewe kwa Masanja. Nilimfuata. Nilitaka kumshukuru yule mzee vizuri, nikaishia kumwuliza kama wali umekolea chumvi. Akasema Wazigua hata kushukuru wanafundishwa. Nikacheka mpaka machozi. Mungu amuweke.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimemleta Zuhura.
Tulitelemka na gia ya pili. Kwenye kona ile kali, yenye bonde upande wa kushoto, nikasimama. Nikashuka, nikaenda nyuma ya pikapu, nikalia kidogo. Zuhura akauliza kuna nini, baba. Nikasema naangalia tairi.
Mtoto hakuamka njia nzima. Wa kike. Wamempa jina la mama yangu.