Kwa Nasma, Aliyepima Chembe Isiyoonekana

Mwaka umetimia, Nasma, tangu asubuhi ile ulipotutoka hapa Kilwa Masoko, tukakurudisha Kiswere kulala jirani na baba yako. Maradhi ya damu yalikuchukua ungali kijana. Tunakuandikia wewe, na mwenye kusoma asome.

Ulikuwa mwepesi wa kusaidia na mzito wa kukubali jibu la juujuu. Mtu akikwambia chai ni ya moto, unauliza moto kiasi gani. Kila likizo uliwafundisha fizikia mabinti wa sekondari uani kwa mama, umejifunga kanga, na aliyekosa hukumcheka. Wali wako wa nazi haukuwahi kuiva sawasawa. Ulijua kwamba tunajua, na ukaupika vivyo hivyo.

Kazi yako tulichelewa kuielewa. Huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, katika handaki la duara chini ya ardhi, protoni hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga, kisha hugonganishwa. Kwenye mgongano huo huzaliwa chembe iitwayo W, ambayo hufa papo hapo. Wewe na wenzako mlikuwa mkitafuta tungamo lake, yaani uzito wake kwa lugha ya nyumbani. Kazi ya miaka sita. Mama yako, Bi Mwahija, alikuwa akikusikia kwenye simu ukitaja Dabliu, Dabliu, mpaka siku moja akamnong'oneza dada yako Zuwena, "Huyo Dabliu ni Mzungu? Idd anamjua?"

Idd alimjua, na alimchukia.

Mumeo alikupenda kwa wivu, na hilo halikuwa siri kwa jirani yeyote. Ni mnunuzi wa pweza. Asubuhi akiwa anawasubiri akina mama watoke mwambani, akili yake ilikuwa Uswisi. Aliionea wivu meza yako ya kazi, na hata theluji uliyoikanyaga bila yeye. Zaidi ya vyote alimwonea wivu Xaveri, mwana wa Nyangao huku kwetu kusini, mwanafizikia mwenzako katika kikundi kile. Kila ulipomweleza jambo la kazi likampita, alijiuliza ni nani huko aliyelishika mara moja.

Ndipo akafunga safari kukufuata. Alifika wiki ileile mliyopanga kufungua jibu. Ulimweleza kwamba kompyuta imewaficha jibu lenyewe, imelichanganya na namba msiyoijua, ili mtu asije akaivuta hesabu kwenda anakotaka yeye. Mpaka ukaguzi wote uishe, hakuna anayejua.

"Miaka sita unalitafuta jibu, na umefichwa?" alikuuliza.

"Ndiyo."

"Na jioni zote hizo mnakagua tu?"

"Tunakagua, Idd."

Hakuamini. Kesho yake alikukuta wewe na Xaveri mmeinamia skrini moja, mnacheka kwa ajili ya mstari uliopinda. Akautazama na yeye, akaona mstari. Mlipotoka nje akakwambia urudi naye nyumbani, upesi.

"Nisubiri hadi Ijumaa, tufungue," ulimwambia.

"Xaveri afungue."

"Hili siwezi kumpa mtu, mume wangu."

"Basi na mimi usinipe. Jibu lenu sitaki kulisikia maisha yangu yote."

Ijumaa ilipofika, Idd alikuwa uwanja wa ndege, simu ameizima.

Ulirudi mwaka uliofuata, umedhoofu. Jibu lilikwishachapishwa. Hukumtajia, naye hakuuliza. Lakini hatujapata kuona mwanamume akiuguza namna ile. Alikukosha miguu, alikuchujia uji, na zamu hakumpa mtu, hata Zuwena akalia jikoni kwa kunyimwa ndugu yake. Wenzako walipopiga simu kukujulia hali, alipokea yeye.

"Amelala," anasema, anakata.

"Idd, sijalala," ulimwambia siku moja, macho yako makavu kabisa.

"Najua."

Hukumgombeza. Ulimsogezea mkono, akaushika.

Wiki iliyopita, siku ya hitima yako, Xaveri alikuja. Idd alimpokea barazani, ndani hakumkaribisha. Sisi tulikuwa mlangoni, tunasikia.

"Pole sana, shemeji."

"Shemeji kwa upande upi?"

"Nasma aliniita kaka."

Xaveri akaanza kusimulia ulivyokuwa mchangamfu kazini, Idd akamkatiza. "Usiniambie alivyocheka. Niambie alichopima."

Xaveri akaeleza bila haraka. W haionekani, imekwisha kabla chombo hakijaigundua. Yanayoonekana ni mabaki yake, na katika mabaki hayo limo moja, nyutrino, linalopita kwenye vyombo vyote bila kuacha alama. Mlipima kilichobaki, mkajua kilichopungua, na kwa hesabu hiyo mkalifikia tungamo.

"Kwa hiyo hata yeye hakuiona," alisema Idd.

"Hakuna aliyeiona."

Idd akashusha pumzi, tukadhani wivu umemwisha. Kumbe alikuwa na swali jingine. "Siku ya kufungua, nani alikuwa ubavuni kwake?"

"Hakuna. Namba ilipotokea watu walipiga makofi, yeye akatoka na simu. Nilimkuta kwenye ngazi anapiga, haipatikani, anapiga tena. Miaka sita nimekaa naye kwenye hesabu ile, shemeji. Nilitaka namba ikitokea anitazame mimi kwanza. Nilikuonea wivu, wewe uliyezima simu."

Idd aliweka chini kikombe cha chai. Kisha akainuka, akafungua mlango wote, akamwambia, "Pita ndani." Pale sebuleni akamuuliza swali ambalo hakukuuliza wewe tangu siku ile. "Alitaka kuniambia ngapi?"

Xaveri akafungua mdomo. Idd akatutazama sote tuliokuwa tumesimama, akamwinamishia sikio. "Niambie hapa."

Akanong'onezwa. Alifumba macho, akalia mbele ya mtu aliyemchukia kwa miaka, na Xaveri naye akalia.

Tangu siku hiyo namba hatuambii. Zuwena aliitafuta kwenye simu yake, maana imechapishwa na dunia nzima inaisoma. Alipotaka kuitaja mezani, Idd akamzuia kwa upole. "Hiyo ni ya dunia, shemeji. Mimi yangu nilikuwa napigiwa." Ana kitu chako ambacho sisi hatuna, Nasma, na tunamwonea wivu.

Unakumbukwa na mumeo Idd. Mama yako Bi Mwahija. Dada yako Zuwena. Mdogo wako Abdulatifu. Wapwa zako Sauda na Ismael. Wanafunzi wako wa uani. Wenzako wa maabara. Na kaka yako Xaveri wa Nyangao.

Idd ameyasoma maneno haya, hakufuta hata moja. Aliomba jambo moja tu, kwamba jina lake lisitanguliwe na la mtu yeyote.

Hatutakusahau, Nasma, siku zote za uhai wetu.